Muhula wa kubadilishana wanafunzi China: anza na viza, kisha tafuta rafiki wa lugha

Nilitoka chuo kimoja cha Marekani kwenda Beijing, na nusura nikwame kwenye viza. Ukikaa China siku zisizozidi 180, omba viza ya X2, ya masomo ya muda mfupi. Zaidi ya hapo ni X1, nayo inakutaka uombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu uingie. Usipolala hotelini, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Mchina anayekuja Marekani kwa mpango kama huu husubiri kwanza fomu DS-2019 kutoka kwa mpango unaompokea, ndipo aombe viza ya J-1.

Unganisha kadi ya benki na Alipay, programu ya simu ya kulipia China, kabla ya kuondoka. Basi, hayo yanatosha.

Kazi yenyewe ni kupata rafiki wa lugha. Mimi na wangu tuligawana saa moja: dakika 30 Kichina, 30 Kiingereza, kengele ya simu ikituamua. Bila kengele, Kiingereza kilimeza kila kitu, maana yeye alikijua kuliko nilivyojua Kichina. Mwombe akusahihishe toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, papo hapo, asikuonee haya. Wiki nzima nilitangaza kwamba nauza vitabu, kumbe nilitaka kununua: mǎi ni kununua, mài ni kuuza!

Ukialikwa kwao, toa zawadi kwa mikono miwili. Asipoifungua mbele yako usinune. Ila saa ya ukutani usipeleke. Kwa Kichina, maneno ya kumpa mtu saa yanasikika sawa na kumsindikiza kaburini.