Jinsi ya kuchota udongo wa mikoko na kupima kaboni yake, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti msaidizi anayekwenda kupima kaboni ya ardhini kwenye mikoko ya pwani yetu. Vipimo vya miti nimeviacha. Vina wenyewe na ni vyepesi. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko imelala kwenye tope, na huko ndiko takwimu nyingi huharibika, hasa kwa mambo mawili: kina na ujazo.

Hatua ya 1: Ruhusa, kisha mwenyeji

Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, Tanzania kibali cha COSTECH (tume za taifa za sayansi na teknolojia), na pande zote mbili uwaone wasimamizi wa misitu. Hiyo ni karatasi tu. Kibali cha kweli ni wazee wa kijiji na kamati ya msitu. Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wanauza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, kwenye hekta 117. Maswali yao kuhusu kaboni yatakutoa jasho kuliko ya msimamizi wako chuoni. Ajiri mtu wa hapo anayejua mikondo na sehemu zenye tope la kumeza mguu. Mlipe kama mtaalamu, maana ndivyo alivyo.

Hatua ya 2: Panga siku kwa mwezi

Nenda wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo pwani ya Kenya na Tanzania maji hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Ingia maji yakiwa bado yanatoka, uanzie upande wa nchi kavu ukiyafuata kuelekea baharini, na uanze kurudi pindi yanapogeuka. Wakati wa maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, utafika ukanda wa nyuma tu, na data yako itakuwa ya mchu na mkandaa, miti ya ukanda huo, peke yake.

Hatua ya 3: Vuta mstari

Vuta kamba kati ya nchi kavu na ukingo wa bahari, ikate kanda zote: mlilana mbele, mkoko wenyewe katikati, kisha mkandaa na mchu nyuma. Weka vituo sita kwa umbali sawa na uandike majira ya GPS ya kila kimoja. Usisogeze kituo kwa sababu mizizi ya mkoko imekushinda. Ukikimbilia penye nafasi kila mara, utakuwa unapima njia za ng'ombe na za wakata kuni.

Hatua ya 4: Kuchota

Tumia keekee ya udongo ya nusu bomba, yenye urefu wa mita moja na vipande vya kuongezea. Bomba la plastiki la kugongwa kwa nyundo ni rahisi kununua, lakini hulishindilia tope. Ukilazimika kulitumia, pima kabla ya kulichomoa: limezama sentimita ngapi, na udongo ndani una urefu gani. Likizama sentimita 100 na udongo ndani uwe 80, tope limebanwa kwa uwiano wa 0.8, na hesabu zote za kina lazima zirekebishwe.

Ondoa majani makavu juu, usiondoe udongo. Sukuma keekee wima kwa uzito wa mwili, polepole. Ikigota kwenye mzizi, zungusha kidogo ukate. Ikikataa, sogea hatua moja uanze upya, usigonge. Ikishafika kina, zungusha raundi kamili ili ukingo ukate nguzo ya udongo, kisha chomoa huku ukiendelea kuzungusha.

Ilaze keekee, safisha uso wa udongo kwa kisu kipana ukikata kwa upande. Ukipitisha kisu kutoka juu kwenda chini unapaka tope la juu kwenye tabaka za chini. Itazame nguzo nzima: ikiwa na pengo au nusu imebaki shimoni, itupe, chota nyingine. Hapa wengi hutaka kusamehe kwa sababu jua linawaka na mbu wameamka. Usisamehe.

Kwa mita ya pili rudi kwenye shimo lilelile, na sentimita chache za juu utakazopata uzitupe, ni tope lililoporomoka. Endelea hadi mchanga mtupu au mwamba wa matumbawe. Utausikia ukikwaruza chuma. Kuna wanaokoma kwenye mita moja kwa mazoea. Wafikirie watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzao wa Kongo, ambao mwaka 2017 walitangaza ramani ya mboji (udongo wa mabaki ya mimea yasiyooza kabisa) ya Cuvette Centrale, katikati ya Bonde la Kongo: takriban tani bilioni 30 za kaboni chini ya misitu ya kinamasi. Wastani wa kina ulikuwa mita 2.4, na mahali pengine karibu mita 6. Wangekoma kwenye mita moja, zaidi ya nusu ya mboji ingebaki nje ya hesabu.

Hatua ya 5: Kata sampuli

Gawanya nguzo kwa tabaka: sm 0–15, 15–30, 30–50, 50–100, kisha kina kinachozidi 100. Katikati ya kila tabaka kata kipande cha sentimita 5 kamili, kwa rula. Weka chote kwenye kikopo cha alumini chenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na hata hivyo kikopo huingia ovenini moja kwa moja bila kupoteza chembe. Andika lebo kwa penseli; wino huoshwa na maji chumvi. Suuza keekee kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, jioni hiyohiyo.

Hatua ya 6: Maabara

Kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike tena. Saga, chukua gramu chache, choma kwenye tanuru kwa nyuzi 450 kwa saa nne au zaidi, pima kilichobaki. Kilichopotea ni mata ogania, yaani mabaki ya viumbe. Penye makombe ya chaza, dondoshea asidi kidogo ya hidrokloriki kwenye sampuli ya pembeni. Ikitoa povu kuna kaboneti, na sampuli zinazokwenda kwenye mashine ya kusoma kaboni zioshwe kwa asidi kwanza.

Hatua ya 7: Hesabu

Tuseme keekee ina nusu kipenyo cha sm 3. Ujazo wa kipande ni ½ × 3.14 × 9 × 5 = sm³ 70.7. Kikiwa na gramu 35 kikikauka, msongamano ni gramu 0.495 kwa sm³. Ukichoma gramu 5 zikabaki 4.3, mata ogania ni asilimia 14. Mlinganyo unaotumika sana, 0.415 × 14 + 2.89, unatoa kaboni asilimia 8.7. Kwa tabaka la sm 30–50, zidisha msongamano kwa unene wa tabaka na kwa asilimia ya kaboni:

0.495 × 20 × 8.7 = tani 86 za kaboni kwa hekta.

Zidisha kwa 3.67 upate kaboni dayoksaidi: kama tani 316. Jumlisha tabaka zote za kituo, kisha tafuta wastani wa vituo.

Mlinganyo ule ulitokana na mikoko ya Palau, visiwani Pasifiki. Kama bajeti inaruhusu, peleka sehemu ya sampuli zako kwenye mashine ya kusoma kaboni na utengeneze mlinganyo wa hapa. Na kwenye jedwali ongeza safu mbili ambazo wengi huziacha: kina ulichokomea kila kituo, na kilichokukomesha, mwamba, mchanga au maji kujaa.