Kabla hujampa fundi visu vyako akavikomaze

Kama umechonga visu vidogo kutoka springi ya gari na huna tanuri la kuvikomaza, yaani kuvipasha moto na kuvizamisha ili viwe vigumu, usimpelekee mchomeleaji. Tafuta mhunzi, kwa mfano pale Kamukunji, Nairobi, umuulize: unajuaje chuma kimeiva? Akisema anagusisha sumaku, ikiacha kushika anaongeza moto kidogo ndipo anazamisha kwenye mafuta ya uvuguvugu, huyo ni fundi. Akikuonyesha ndoo ya maji, beba visu vyako. Kisu changu kililia "ta!" ndani ya maji, kikatoka na ufa hadi mpinini. Baada ya kuzamishwa kwenye mafuta, virudi kwenye joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi, kwa muda wa saa mbili, la sivyo ncha inavunjika kama biskuti. Na matundu ya mpini toboa kabla. Chuma kikishakomaa, keekee inateleza tu.