Kumtoa bibi harusi ukutani bila kuipoteza veli: leya wazi kwa anayeanza GIMP

Picha inayofika mezani kwangu mara nyingi kuliko zote ni hii: bibi harusi amesimama mbele ya ukuta mweupe, veli imeshuka hadi mabegani, na familia inataka aonekane kwenye kadi akiwa juu ya maua au juu ya kitenge cha sare. Anayeanza kazi hukimbilia ufutio. Anafuta ukuta vizuri tu mpaka afike kwenye veli, hapo anakwama, maana veli haitakiwi kubaki yote wala kuondoka yote. Ukiitazama, maua ya nyuma yanatakiwa yaonekane kwa mbali.

Nilianza hivyohivyo. Kadi ya kwanza niliyolipwa niliifanya kwa ufutio, nikahifadhi JPEG peke yake, yaani faili la picha la kawaida lisilotunza leya. Mama wa bibi harusi alipoiona aliniambia, "Mwanangu, sikio la binti yangu liko wapi?" Nililikata bila kujua, na sikuwa na njia ya kulirudisha. Nilirudia kazi nzima usiku ule. Ndiyo maana katika mwongozo huu ufutio hatuugusi.

Leya ni tabaka. Chukua zile nailoni angavu za kujaladia madaftari, zipange moja juu ya nyingine: ulichochora kwenye ya juu kinafunika cha chini, na pasipochorwa unaona hadi chini kabisa. Kwenye kompyuta kila nukta ya picha ina namba tatu za rangi, yaani nyekundu, kijani na bluu. Leya wazi inaongeza namba ya nne, iitwayo alfa, kuanzia 0 hadi 255. Sifuri ni wazi kabisa, 255 haipenyezi chochote, na katikati ndiko veli inakoishi.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Majina ya menyu nayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Hatua ya 1: Anza na kadi

Fungua "File", kisha "New", uweke upana wa nukta 1800 na urefu wa nukta 1200. Hizo zinatosha kadi ya inchi 6 kwa 4 itakayochapwa kwa nukta 300 kila inchi. Lete maua au kitenge kwa "Open as Layers", kisha picha ya bibi harusi kwa njia hiyohiyo. Kila moja itakaa kwenye leya yake. Ikiwa kubwa mno, bonyeza Shift+S uipunguze, na hakikisha alama ya mnyororo imefungwa ili uso usivutike.

Hatua ya 2: Hakikisha leya ina alfa

Angalia orodha ya leya upande wa kulia. Jina likiwa limekolea wino, leya hiyo haina alfa. Ibofye kitufe cha kulia, chagua "Add Alpha Channel". Ukiona vijiraba vya kijivu kama ubao wa drafti, usishtuke. Ndivyo GIMP inavyoonyesha mahali palipo wazi, na havichapwi.

Hatua ya 3: Weka maski

Bofya tena leya ya bibi harusi kitufe cha kulia, chagua "Add Layer Mask", kisha "White". Pembeni ya picha ndogo ya leya itatokea nyingine nyeupe. Hiyo ndiyo maski. Ukiipaka nyeusi, picha inafichika. Ukiipaka nyeupe, inarudi. Kijivu kinaiacha nusunusu. Hakuna kinachofutwa. Sikio likikatwa, unalipaka nyeupe, linarejea.

Kosa linalowapata karibu wote ninaowafundisha: wanabofya picha badala ya maski, wanapaka, na rangi nyeusi inatokea usoni kwa bibi harusi. Ikikutokea, bonyeza Ctrl+Z kutengua, kisha bofya ile picha ndogo ya maski mpaka izungukwe na fremu nyeupe.

Hatua ya 4: Ondoa ukuta kwa mkupuo

Bonyeza F upate kifaa cha kuzungushia. Mzungushe bibi harusi pamoja na veli yake, ukipita nje kidogo ya nywele, kisha Enter. Ctrl+I inageuza uchaguzi, yaani eneo ulilozungushia, uwe kwenye ukuta. Bonyeza D ili rangi iwe nyeusi, halafu Ctrl na alama ya mkato (,) kujaza rangi hiyo. Ukuta umeondoka. Maliza kwa Shift+Ctrl+A kuachia uchaguzi.

Sasa tengeneza leya mpya, ijaze rangi nyekundu kali, iweke chini ya leya ya bibi harusi. Nyekundu inafichua kila kipande cha ukuta kilichobaki, hasa kwapani na kati ya vidole. Nisipofanya hivi, mabaki nayaona kadi ikiwa imeshachapwa.

Hatua ya 5: Nywele

Kingo za mabega na gauni zifuate kwa brashi, herufi P, yenye ugumu wa kati. Nywele za asili hazikubali njia hiyo. Ukizikata karibu zinakuwa kama kofia, ukizikata mbali zinabaki na ukungu mweupe wa ukuta.

Nifanyavyo ni hivi. Rudufu leya ya bibi harusi kwa "Duplicate Layer", nakala ikae chini ya ile ya kwanza. Kwenye nakala, badilisha "Mode" iwe "Multiply". Katika hali hiyo weupe hupotea na weusi hubaki, kwa hiyo ukuta unayeyuka na vinyweleo vinakaa juu ya maua kimoja kimoja. Jaza maski ya nakala rangi nyeusi, kisha paka nyeupe kwenye ukingo wa nywele tu. Rudi leya ya juu, paka nyeusi laini kwenye ukingo huohuo. Njia hii inataka ukuta mweupe kwelikweli. Ukuta wa kijani au wa bluu utaacha rangi yake.

Hatua ya 6: Veli

Rudi kwenye maski ya leya ya juu. Chagua brashi laini, rangi nyeusi, na uweke "Opacity" ya brashi kwenye 30. Pitisha mara moja juu ya veli: imebaki asilimia 70. Achia kitufe cha kipanya, pitisha tena: 49. Usipoachia kitufe, haiongezeki hata ukisugua. Mimi napitisha mara mbili veli inapoelea peke yake, mara moja ilipokunjamana, na siigusi kabisa inapopita mbele ya uso au gauni, kwa sababu pale nyuma yake hakuna ukuta. Ukizidisha, bonyeza X upate nyeupe, urudishe.

Zima ile leya nyekundu kwa kubofya jicho lake, na maua yatatokea ndani ya veli.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Kwanza Ctrl+S, faili la XCF. Hilo linatunza leya na maski zote, na ndilo utakalofungua mteja akitaka mabadiliko. Kadi iliyokamilika itoe kwa Shift+Ctrl+E. Kama unamhitaji bibi harusi peke yake, kwa ajili ya bango au fulana, zima leya zote zinazomzunguka, uzime pia nakala ya "Multiply", kisha utoe PNG, aina ya faili inayotunza uwazi. JPEG haijui uwazi; itajaza rangi pale ulipoondoa ukuta.

Ukimtumia mchapaji PNG hiyo kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawaida inabanwa, na uwazi wote unapotea.