Namna ya Kuboresha Tangazo la Nyumba ya Wageni Nchini Uganda

Mtu anayetafuta nyumba ya siku chache Entebbe, Jinja au Kampala kupitia Airbnb au Booking.com hana haja ya kushawishiwa kwamba Uganda inapendeza. Anachotaka kujua ni kama umeme utakatika usiku, kama maji yatatoka bombani, na kama dereva wake ataliona lango gizani. Tangazo linalomwondolea shaka hizo mapema huyashinda mengi yenye samani za gharama zaidi, na ndiyo maana ni busara kulirekebisha kabla ya kufikiria kununua mapazia mapya.

Picha ndizo zinazomfanya mtu afungue tangazo au alipite. Huku kwetu karibu na ikweta, jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, na saa sita mchana mwanga huwa mkali kiasi kwamba madirisha hutoka meupe matupu na pembe za chumba hubaki na giza. Piga picha kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi alasiri. Fungua mapazia yote, washa taa, simama kwenye kona na uilaze simu kwa usawa wa kifua. Kwanza ondoa ndoo, waya za chaja na kipande cha sabuni kilichokwisha tumika. Picha ya kwanza ionyeshe kile ambacho nyumba yako inacho na ya jirani haina, kama vile baraza linalotazama Ziwa Viktoria. Picha ya bafu isikosekane, maana mgeni akiikosa hudhani kuna jambo linafichwa. Piga pia chandarua kikiwa kimetandwa juu ya kitanda, na wavu wa dirishani kwa karibu; kule Entebbe, ambako wadudu wa ziwani huja kwa makundi mazito, picha hiyo moja humtuliza mgeni kuliko aya nzima ya maelezo.

Jiepushe na picha za kuazima. Gorila wa Bwindi, msitu wa kusini-magharibi mwa Uganda, hawana kazi katika tangazo la nyumba ya Kampala, kwa kuwa kufika huko ni safari ya kutwa nzima kwa gari. Vivyo hivyo, mwenye nyumba ya Jinja asiweke picha ya zamani ya maporomoko ya Bujagali, ambayo yalizama baada ya kujengwa kwa bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Mgeni akifika na kukuta maji yametulia, atayaandika hayo katika maoni yake, tena kwa haki.

Kichwa cha tangazo kina nafasi finyu, na kwenye simu hukatwa kabla ya kwisha. Maneno kama “nyumba nzuri ya kisasa” hayamwambii mtu chochote, kwa sababu kila mwenyeji huyatumia. “Vyumba 2 Entebbe, umeme wa akiba, karibu na ziwa” ni kichwa kinachofanya kazi.

Katika maelezo, sehemu ya umeme na maji ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa, na hapo ndipo wenyeji wengi huandika kwa haraka. Kusema kwamba kuna jenereta au betri hakutoshi. Zima swichi kuu jioni moja, uone ni vifaa gani vinavyoendelea kufanya kazi na kwa muda gani, kisha uandike ulichokiona: “Umeme ukikatika, betri huwasha taa zote, ruta ya intaneti na friji kwa muda wa saa sita, hita ya kuogea haifanyi kazi mpaka umeme urudi, lakini jiko ni la gesi.” Mgeni aliyesoma maneno hayo hatalalamika akioga maji baridi siku moja. Kuhusu maji, taja ukubwa wa tangi, eleza kama hita ni ya jua au ya umeme, na useme kama maji ya kunywa yanapatikana ndani ya nyumba. Kasi ya intaneti ipimwe saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unapoitumia, kwa kuwa kipimo cha alfajiri humfurahisha mwenye nyumba peke yake.

Kero za mtaa zitajwe pia. Nyumba iliyo karibu na Kabalagala, mtaa wa Kampala wenye baa nyingi, itasikia muziki wa baa hadi usiku wa manane, na mgeni anayependa pilikapilika za usiku ataichagua kwa sababu hiyo hiyo. Umbali uelezwe kwa muda wa safari, kwani kilomita 80 hivi kati ya Kampala na Jinja hubadilika kabisa kutegemea foleni.

Andaa maelekezo ya kufika yanayotaja alama zinazoonekana, kama kituo cha mafuta, rangi ya lango na hali ya barabara mvua inaponyesha. Saa ya kuingia iandikwe kwa mfumo wa saa 24 ili asitokee mgeni wa kukosea. Mabasi ya usiku kutoka Nairobi huingia Kampala asubuhi, kwa hiyo kama unaweza kupokea mizigo mapema, liseme hilo waziwazi, ikiwezekana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Bei isiwe moja mwaka mzima. Miezi ya Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ndiyo ya ukavu na ya watalii wengi. Mwenye nyumba Kira au Kyaliwajjala aifungue kalenda mapema kwa siku zinazoizunguka tarehe 3 Juni, wakati mahujaji wa Kenya na Tanzania wanapomiminika Namugongo, jirani na hapo, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Kwangu mimi, ada kubwa ya usafi ni kosa, kwani humkatisha tamaa mgeni wa usiku mmoja anaposubiri ndege. Afadhali uigawe ndani ya bei ya usiku.

Airbnb humpa mwenyeji hadhi ya Superhost, yaani mwenyeji bora, akiwa na wastani wa alama 4.8, akijibu angalau asilimia 90 ya ujumbe ndani ya saa 24, na akifuta chini ya asilimia 1 ya nafasi zilizowekwa. Maoni mabaya yakija, jibu kwa sentensi mbili au tatu: kubali kilichokuwa kweli, taja ulichorekebisha, na usimjadili mgeni mwenyewe, kwa sababu jibu hilo litasomwa zaidi na wale ambao bado hawajaamua kuja.