Ukikosa la kumwambia Mungu, anzia Zaburi ya 13

Ugonjwa wa ubwiri unga ulipokausha maua ya mikorosho yetu huku Newala, nilipiga magoti nikakosa neno, mikono bado inanuka salfa, dawa ya ugonjwa huo. Kilichonisaidia: fungua Zaburi ya 13, isome kwa sauti, na kila penye "hata lini" simama utaje jambo lako lilivyo. Hata lini deni la salfa? Hata lini ada ya mtoto? Usilipambe. Aya mbili za mwanzo zina "hata lini" nne, kwa hiyo nafasi ipo. Inasaidia kwa sababu Daudi analalamika waziwazi, lakini aya ya 3 bado anamwita "Mungu wangu". Mtoto aliyekasirika bado ni wa nyumbani, na anayemlilia ni baba yake.

Itakwama ukijilazimisha kufika aya ya 6 ukiimba wakati moyo haujafika. Ishia ya 4, kesho urudi. Siku nzito zaidi nenda Zaburi ya 88, inayoishia gizani kabisa, nayo imo kwenye Biblia. Na kama hulali wala huli kwa siku kadhaa, usibaki peke yako na zaburi: mwite mzee wa kanisa aje mkae, na uende zahanati.