SOMO: Jinsi ya kumsaka Microsporidia MB ndani ya mbu wa malaria, hatua kwa hatua

Haya wadau, somo la leo ni la watu wa biolojia na maabara, ila hata kama we ni msomaji tu karibu, nitaandika kwa lugha ya kawaida.

Kwanza tujue tunamtafuta nani. Microsporidia MB ni kijidudu cha ukoo wa fangasi, anaishi ndani ya mwili wa mbu, hasa kwenye utumbo na ovari, na hamuui mbu wala hampunguzii mayai. Timu ya Jeremy Herren pale icipe Nairobi (kituo cha utafiti wa wadudu) pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walimtangaza mwaka 2020, walimkuta kwa Anopheles arabiensis wa Kenya, mmoja wa mbu wanaoeneza malaria. Kilichowashtua watu ni hiki: mbu wenye MB walinyweshwa damu yenye vimelea vya malaria, Plasmodium falciparum, halafu wakapimwa, hawakukutwa na sporozoiti, yaani ile hatua ya kimelea inayokaa kwenye tezi za mate ikisubiri kukuingia ukiumwa na mbu.

Shida sasa, kwa macho humjui. Ili umpime mbu lazima umsage, na ukimsaga umeshampoteza, huna tena wa kuendeleza kizazi. Kwa hiyo siri ya kazi yote ni moja tu, mama atage kwanza ndo asagwe. Ukishika hilo hatua zingine zinajipanga zenyewe.

Hatua ya 1: Kukamata
Unaenda asubuhi mapema kwenye nyumba zilizo karibu na mashamba ya mpunga, Ahero au Mwea huko Kenya hivi, unaomba ruhusa kwa mwenye nyumba (usiingie chumbani kwa watu na tochi bila kuongea nao, utafukuzwa na ni haki yao), kisha unamulika ukutani na chini ya paa ukiwafyonza mbu na aspireta ya mdomo (mrija wa kuvutia mbu). Unataka majike walioshiba damu. Tumbo jekundu au jeusi jeusi, huyo chukua.

Hatua ya 2: Kuchambua
Anopheles akitua anainua makalio juu, Culex, aina nyingine ya mbu, analala sambamba na ukuta. Ukimweka kwenye hadubini, Anopheles jike ana vipapasio virefu karibu sawa na mrija wake wa kunyonyea, na mabawa yana madoa. Ila arabiensis na ndugu yake gambiae huwezi kuwatofautisha kwa sura hata uwe na macho ya mwewe, hiyo ni kazi ya PCR baadaye (kipimo cha maabara kinachonakili DNA ili itambulike).

Hatua ya 3: Kungoja na kutagisha
Waweke kwenye keji, pamba yenye maji ya sukari 10%, siku mbili tatu hivi mpaka damu isagike na tumbo liwe jeupe la mayai. Hapo kila jike anaingia peke yake kwenye kichupa kidogo cha plastiki chenye karatasi ya chujio iliyoloweshwa, kifuniko kimetobolewa apate hewa. Peke yake, narudia, maana ukichanganya wawili hutajua mayai ni ya nani na kazi yote imeharibika. Andika namba kwenye kichupa na kwenye daftari, zifanane. Wengine watagoma kutaga, wengine watakufa, ndo hali halisi.

Hatua ya 4: Sasa mpime mama
Mguu mmoja unatosha kukwambia spishi. Kwa MB mguu usiutegemee, fangasi yuko tumboni, hivyo unasaga mwili, unatoa DNA, unafanya PCR kwa praima za MB (vipande vifupi vya DNA vinavyomlenga yeye tu). Usikate tamaa ukiona hasi hasi hasi, kwenye sehemu nyingi wenye naye walikuwa chini ya 10%, na baada ya mvua ndo hupatikana zaidi.

Hatua ya 5: Kulea watoto
Mayai ya mama aliyetoka chanya yaende kwenye trei yake, viluwiluwi wapewe chakula cha samaki kilichosagwa, kidogo kidogo maana ukizidisha maji yananuka na wanakufa. Halafu usidhani watoto wote wamerithi. Mama anawapa kati ya 45% na 100% ya watoto wake, kwa hiyo kila kizazi unapima upya, ukizembea vizazi vichache tu unajikuta unafuga mbu wa kawaida.

Maswali karibuni.

kijana_wa_baiolojia: Mkuu huyu si ndo yule fangasi waliyempaka kwenye vitambaa kule Ifakara?

Jibu: Hapana ndugu. Yule ni Metarhizium anisopliae, jaribio lilifanyika Lupiro, kijiji cha Tanzania karibu na Ifakara, na matokeo yakatoka 2005, walining'iniza vitambaa vyeusi vya pamba ndani ya nyumba, mbu akitua fangasi anapenya ngozi yake na anakufa baada ya siku kadhaa. Yule ni muuaji, huyu wetu ni mpangaji anayelipa kodi.

mama_shamba: Mimi naishi karibu na mpunga, ina maana mbu wetu washakuwa salama? Neti niitoe?

Jibu: Usithubutu dada. Wenye MB ni wachache, waliobaki wanabeba malaria kama kawaida. Neti ibaki, na homa ikikushika nenda ukapimwe.

Dulla: Ni Kenya tu? na hii si ndo mambo ya GMO haya

Jibu: Ghana pia wamemkuta, kwa gambiae na coluzzii, mbu wengine wa malaria. GMO (kiumbe aliyebadilishwa jeni) hapana, hakuna jeni iliyoguswa, ni kiumbe wa asili aliyekutwa humo humo ndani ya mbu.

mwl_sayansi: Asante kwa somo. Lakini wakitaka kumsambaza si itabidi waachie mbu? Wananchi watakubali kweli kuongezewa mbu?

Jibu: Swali zuri mwalimu na ndo linalosumbua hata wenyewe. Njia inayoongelewa ni kuachia madume, dume haumi mtu, anakunywa maji matamu ya mimea tu, na utafiti wa 2021 ulionyesha dume mwenye MB anamwambukiza jike wakijamiiana, kisha jike anawarithisha watoto. Ila jike wa Anopheles kwa kawaida anapandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo dume wako lazima amuwahi kabla ya dume wa mtaani. Hapo unahitaji madume wengi sana, na kuwatenga na majike wakiwa bado pupa (hatua ya mwisho majini kabla ya kuwa mbu) ni kuangalia ncha ya mkia mmoja mmoja kwenye hadubini mpaka shingo iume.

mwl_sayansi: Duh. Kwa mkono?

Jibu: Kwa mkono mwalimu, na bomba la kudondoshea.