Kivumbasi: mvuke sawa, mafuta yake kaa nayo mbali na watoto

Kama kivumbasi, ule mmea wenye majani ya harufu kali, kimejiotea nyuma ya nyumba, usikifyeke chote. Mafua yakibana, chuma matawi machache, yaoshe, yachemshe kwenye sufuria iliyofunikwa. Epua kwanza, iweke sufuria chini mahali pasipoyumba, acha mvuke upungue ukali, ndipo ujifunike kanga. Ajali ya nyungu, yaani kujifukiza huku, ni sufuria kupinduka ndani ya shuka, kwa hiyo mtoto mdogo asiingizwe kabisa, hata bibi akisisitiza.

Jioni wengi hutupia matawi juu ya makaa kufukuza mbu. Husaidia kweli, lakini moshi ukiisha mbu wanarudi, na moshi wenyewe si mzuri kwa mwenye pumu. Chandarua kibaki palepale. Homa ikipanda, kapime malaria. Kivumbasi hakitibu malaria.

Majani mawili matatu kwenye chai kwa tumbo lililojaa gesi, sina neno. Dawa nzito iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi ni habari nyingine, hasa kwa mjamzito au anayemeza dawa za hospitali kila siku. Aulize kwanza.

Kinachonitisha zaidi ni mafuta yanayotolewa kwenye majani yake. Aina inayolimwa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kwa ajili ya dawa za kuchua huwa na kafuri (camphor) nyingi, na kafuri ikimezwa inaweza kumtia mtoto degedege. Usiyanywe, usiyapake puani mwa mtoto mchanga, na kichupa kikae juu kabatini.